Undugu si Rehani

Hapana awezaye kukana kwamba simu ya mkononi imekuwa jembe la mfanyabiashara mdogo. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, mwenye duka au genge wa Tandale hupokea malipo na kulipia mzigo bila ya kubeba fedha mfukoni. Hilo ni jambo la heri.

Lakini katika simu ile ile wamezuka wakopeshaji wasio na ofisi wala uso. Mama lishe aliyepungukiwa na mtaji hubonyeza mara mbili tatu, akapata fedha kabla chungu hakijachemka. Wala hatambui kwamba amekwisha kuwaruhusu watu asiowajua kusoma majina yote yaliyomo simuni mwake. Siku ya kulipa ikimpita, ujumbe wa kumwaibisha hauji kwake peke yake. Huenda kwa mumewe, kwa wakwe, kwa mashemeji, hata kwa wateja. Mume huanza kuuliza maswali, wakwe hunong'ona, naye mwenye deni hukosa usingizi. Mwishowe huizima simu. Na akiizima, huwapoteza wateja wale wale ambao kwao angepata fedha za kulipa.

Tuseme wazi: mkopeshaji wa namna hii hakuchukua kitanda wala cherehani kuwa rehani. Amechukua undugu.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila ya leseni. Hata hivyo, katazo peke yake halitoshi maadamu shida ya mtaji ingalipo. Mfa maji haachi kutapatapa.

Iko mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato, kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 kwa dosari zake, vikundi hewa vikiwa miongoni mwazo, ikarejea mwaka 2024. Basi ni wajibu wa viongozi wa mashina na matawi kuwasaidia wananchi kuunda vikundi vya kweli, wala si vya majina matupu.

Na nyumbani, mume na mke waambiane habari za deni mapema, kabla hawajaambiwa na mgeni kwa simu.