Joto la Ardhi Lina Hesabu Yake

Alalaye Gwarama mwezi wa Julai aijua baridi ya usiku wa Buha. Alfajiri hujitanda shuka mbili, na adhuhuri hutafuta kivuli. Lakini akichimba shimo la mita 10 atakuta udongo usiojua Julai wala Oktoba: joto lake ni karibu lile lile mwaka mzima. Juu ya jambo hilo wahandisi wa nchi za baridi wamejenga mitambo mikubwa.

Chuo Kikuu cha Ball State, katika jimbo la Indiana, Marekani, kilianza mwaka 2009 kuchimba visima vipatavyo 3,600, ili kupasha joto na kupoza majengo 47 na kuachana na matanuri ya makaa ya mawe. Maji huzunguka katika mabomba yaliyozikwa. Wakati wa joto huteremsha joto la majumba ardhini. Wakati wa theluji pampu hulipandisha tena. Ardhi imekuwa ghala.

Tangu umeme wa gridi ya Taifa ulipofika Kigoma mwaka 2022, kuendesha pampu za namna hiyo si ndoto tena. Lakini ndugu zetu wa vyama vya ushirika na watusikilize: sisi hatuna theluji. Mtambo wa kupoza tu, uwe wa ghala au wa hospitali, utamimina joto ardhini Januari hadi Desemba wala hapatakuwa na wa kulitoa. Mwanzoni utapendeza. Miaka ikipita, udongo wa visimani utapata moto, pampu itakula umeme zaidi, na mkulima ataachiwa deni. Kuleta Kakonko ramani ya Indiana ni kununua koti la manyoya kwa sababu Mzungu amelivaa.

Haja ya baridi yafaa iozwe na haja ya joto. Joto litolewalo ghalani lipashe maji ya wodi ya wazazi na ya kufulia, ambayo leo mahali pengi huchemshwa kwa kuni zilizobebwa kichwani na akina mama. Au likaushe mahindi. Majirani zetu wa Kenya walianza na kilichopo kwao. Huko Eburru wenyeji wamekausha pareto kwa mvuke wa ardhi, na shamba la maua la Oserian, Naivasha, lilianza mwaka 2003 kupasha nyumba za maua kwa kisima cha mvuke, ili kupunguza unyevu wa usiku uletao ukungu. Buha si Naivasha, na kila udongo una tabia yake.

Kwa hiyo, kabla ya mkataba wowote kutiwa sahihi, wanachama wadai karatasi mbili. Ya kwanza ni kipimo cha kisima kimoja cha majaribio, kilichozungushiwa maji ya moto kwa siku mbili tatu ili ijulikane udongo unameza joto kwa kasi gani, na visima vitengane kiasi gani visije vikanyang'anyana. Ya pili ni hesabu ya joto liingialo na litokalo, mwezi kwa mwezi, kwa miaka 20. Mkandarasi asiyeweza kuzileta arudishwe na mashine yake ya kuchimbia.