Fahamu: Protini inayozuia seli za kiwele kuongezeka

TGF-beta ni protini ya mwili inayoziamuru seli za aina nyingi ziache kugawanyika. Katika kiwele cha ng'ombe huzibana seli zinazotengeneza maziwa.

Maabara inaonyesha nini

Mwaka 1991 ilitangazwa MAC-T, ukoo wa seli za kiwele zinazoendelea kukua nje ya mwili. Seli za namna hii zikitiwa TGF-beta, ukuaji hupungua na baadhi hufa. Homoni ya IGF-I huvuta upande wa pili: huzihimiza zigawanyike na kuzikinga zisife.

Inamhusu nani Takaungu, pwani ya Kenya?

Maziwa hutegemea wingi wa seli hai kiweleni. Zikipungua, hata mkamuaji hodari hapati maziwa mengi. Lakini sahani ya maabara si ng'ombe. Kwa mfugaji wa Takaungu, joto la pwani, uhaba wa malisho wakati wa kiangazi na ndigana kali bado ndivyo vikwazo vikubwa zaidi.