Shingo Iliyokaza na Mgongo Unaouma: Faida ya Kukanda Mwili

Watu wengi wa shamba hudhani ya kuwa uchovu wa mwili hutokana na mzigo mzito tu, na kwamba mtu asiyeinua kitu hana haki ya kulalamika. Jirani yangu mmoja, mkulima hodari, anionapo jioni nikijishika shingo huniuliza, "Na wewe, Bwana Karani, leo umechukua gunia gani?" Ni mzaha, lakini swali lake lafaa kujibiwa, kwa kuwa jibu hilo litamfaa yeye pia aumwapo kiuno wakati wa palizi.

Nyosha mkono mbele, umeshika kitabu kidogo, ukae hivyo kwa dakika chache. Mwanzoni si kitu. Baadaye bega laanza kuwaka moto, kisha mkono watetemeka. Uzito wa kitabu haukuongezeka. Kilichoongezeka ni muda. Msuli umeumbwa kukaza na kulegea kwa zamu, kama ufanyavyo mtu atembeapo, na katika zamu hizo damu hupita vizuri. Ukikaza bila kulegea, huibana mishipa ya damu iliyo ndani yake, damu ikapungua, nao ukaanza kuuma. Maumivu nayo humfanya mtu akaze zaidi, na hivyo taabu huzaa taabu.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 au 5 hivi. Kikikaa wima, mifupa ya shingo husaidia sana kukichukua. Kikiinamia daftari au kompyuta tangu saa mbili asubuhi hata saa saba, misuli ya nyuma ya shingo ndiyo ikishikayo muda wote huo. Hali kadhalika mpalizi aliyeinama juu ya jembe la mpini mfupi, na mama achukuaye kuni mgongoni kwa ukanda upitao kwenye paji la uso. Hata wasiwasi hukaza mwili. Mtazame mzazi anayedaiwa karo ya shule: mabega yake yamepanda karibu na masikio, wala mwenyewe hana habari.

Dawa ya kwanza, basi, ni kuvunja muda huo. Karani na asimame kila nusu saa, azungushe mabega, atembee hata mpaka mlangoni. Mkulima na abadili mkono na kazi: apalilie kidogo, kisha akusanye magugu, kisha arudi kwenye jembe. Mpini mrefu unaomwezesha kusimama wima ni bora kuliko chupa nyingi za dawa ya kuchua.

Dawa ya pili ni kukanda. Pwani yetu wameijua kazi hii tangu zamani, nao hutumia mafuta ya nazi. Huko London, mwaka 1894, wauguzi wanne waliunda chama cha wakandaji waliofunzwa, kwa sababu jina la kazi hiyo lilikuwa limechafuka mjini. Kutokana na chama hicho kikazaliwa chama cha Uingereza cha wataalamu wa tiba ya viungo. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 juu ya maumivu sugu ya kiuno, lilitaja kukanda miongoni mwa tiba zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi na mafunzo ya kujitunza. Mikanda ya kufunga kiunoni, ambayo watu huinunua kwa fedha nyingi, haikupendekezwa kwa matumizi ya kawaida.

Wako wasemao kwamba mkandaji si fundi mpaka mgonjwa apige kelele. Hayo si kweli. Msuli ukiumizwa hujilinda kwa kukaza. Kipimo chema ni pumzi: ukishindwa kuvuta pumzi taratibu, mkono umezidi. Kwanza weka kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto yasiyounguza, kwa muda wa robo saa. Kisha paka mafuta kidogo, na kwa mkono wa kulia shika nyama iliyo kati ya shingo na bega la kushoto, uifinye na kuiachilia polepole. Ukipata mahali pagumu penye maumivu, bonyeza hapo kwa nusu dakika, kisha achilia. Usibonyeze mbele ya shingo wala ubavuni mwake, pale mshipa upigapo. Kwa mgongo, weka mpira wa tenisi kati yako na ukuta, kando ya uti wa mgongo wala si juu yake, ujiegemeze na kujisogeza taratibu. Nafuu hiyo huenda isidumu ila saa chache au siku chache, na ukirudia kukaa vilevile, maumivu nayo yatarudi vilevile.

Yako mambo ambayo hayakandwi kamwe. Tumbo la mja mzito lisikandwe, wala mfupa unaodhaniwa umevunjika. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, hasa baada ya kupasuliwa, kujifungua au kulala kitandani siku nyingi, usilisugue: huenda damu imeganda ndani ya mshipa, nayo ikibanduka yaweza kufika mapafuni na kuua. Shingo iliyokaza pamoja na homa na maumivu makali ya kichwa yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, hata kama mkandaji yupo mlangoni na mafuta yake. Na maumivu ya kiuno yanayoandamana na miguu kufa ganzi, au mtu kushindwa kuzuia mkojo, yasilale nyumbani hata usiku mmoja.