Kwa Nini Walinzi wa Barafuni Hubeba Bunduki za Kizamani?

Muhula uliopita kulizuka ubishi mkali bwenini kwetu baada ya taa kuzimwa. Swali lilikuwa hili: ukitumwa kupiga doria kule kaskazini ya dunia, kwenye nchi za barafu tupu, utachagua bunduki gani? Karibu wote walisema AK-47. Mimi nikasema nitachukua ile ya kukokiwa kwa mkono, risasi moja moja, kama Mark 4 ya wazee. Loo! Nilichekwa hadi bawabu akaja kugonga dirisha. Sasa wenzangu, kwa kuwa usiku ule sikupewa nafasi ya kujitetea, naomba nijieleze hapa.

Kaskazini-mashariki mwa Greenland kuna Kikosi cha Sirius cha jeshi la wanamaji la Denmark, ambacho kimekuwa kikipiga doria huko tangu mwaka wa 1950. Askari hawa huenda wawili wawili kwa sleji inayovutwa na mbwa, na huweza kukaa miezi bila kukutana na mtu mwingine. Shida yao kubwa huko njiani si adui mwenye bendera. Ni dubu mweupe, mnyama ambaye dume lake huweza kupita kilo 400. Akija, na bunduki yako ikakataa kulia, utamwita nani? Kwa miongo mingi wamebeba M1917, bunduki iliyotengenezwa Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza.

Ati bunduki ya babu! Lakini hebu fikiria baridi yenyewe inavyofanya kazi.

Sote tunajua mafuta ya nazi yanavyoganda ndani ya kopo asubuhi ya mwezi wa Julai, hata ukachota kwa kijiko. Hiyo ni baridi yetu hii ndogo. Kwenye nyuzi 40 chini ya sufuri, mafuta ya kawaida ya bunduki huwa mazito kama gundi. Kile kisindano kinachopaswa kugonga fataki ya risasi kinajikokota tu, kinagusa polepole, na risasi hailii. Kwa hiyo wenye ujuzi huyapangusa mafuta yote, wakaiacha bunduki kavu au na mafuta maalumu kidogo sana.

Adui wa pili ni joto. Ndiyo, joto! Umeona soda ikitolewa kwenye friji inavyotoka jasho? Bunduki iliyotoka nje kwenye baridi ikiingizwa ndani ya hema lenye jiko hutoka jasho vivyo hivyo, hadi ndani kabisa. Ukitoka nayo tena, maji yale yanakuwa barafu na vyuma vinashikana. Ndiyo maana bunduki hulala nje, imefunikwa isiingie theluji, huku mwenyewe akilala ndani.

Sasa turudi kwenye ubishi wetu. Bunduki inayojikoki yenyewe hutegemea nguvu ya kila risasi kusukuma vyuma vyake na kuleta risasi inayofuata. Katika baridi kali baruti husukuma kwa nguvu pungufu, na vyuma vimekuwa vizito. Ile ya mkono inategemea mkono wako. Ikikwama, unaivuta kwa nguvu au hata unaipiga kofi, na ina vipande vichache vya kuharibika. Sisemi AK haifai. Warusi nao wana barafu yao na wanaitumia. Lakini iliundwa kupigana na watu, na risasi yake ina takriban nusu tu ya nguvu ya ile ya M1917. Kwa dubu, nusu haitoshi.

Mfano ulionifurahisha zaidi ni wa Kanada. Walinzi wa huko waitwao Canadian Rangers, wakiwemo Wainuiti, walianzishwa mwaka wa 1947, wakapewa Lee-Enfield ya .303. Kumbe ni ile ile Mark 4 ambayo polisi wa akiba wa huku kwetu wameibeba miaka mingi! Waliitumia kwa zaidi ya miaka 70. Haikuachwa kwa sababu ya baridi, bali vipuri vilikuwa adimu. Mwaka wa 2018 wakaanza kupewa mpya iitwayo C19, iliyobuniwa Finland na kutengenezwa Kanada. Ilitakiwa ifanye kazi hata kwenye nyuzi 51 chini ya sufuri. Kitako chake ni chekundu ili kionekane thelujini, na nafasi ya kidole ni pana kwa ajili ya glavu nene. Na inakokiwa vipi? Kwa mkono, kama ya babu.

Hata hivyo nikiri jambo moja kabla wenzangu wa bwenini hawajalitafuta wenyewe. Mwaka wa 2024 iliripotiwa kwamba baadhi ya vitako hivyo vya mbao vimeanza kupasuka, kwa kutolewa ndani ya nyumba na kupelekwa nje kwenye hewa kavu ya baridi. Chuma kilistahimili, mbao ndizo zilizolalamika.