Ng'ombe kapandishwa mara tatu na mimba hakuna: kabla hujamuita mchinjaji

Wiki hii kijana mmoja hapa Kawetele kaniuliza: "Bwana mifugo, ng'ombe kapigwa mbegu mara tatu, bado anarudi kwenye joto. Nimuuze?" Mchinjaji alishataja bei. Ng'ombe mwenyewe ni chotara wa Friesian, uzao wa pili tu, na kwa maziwa yuko vizuri.

Lawama ya kwanza huenda kwa mbegu. Ni kweli, mbegu hukaa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, na mtungi ukikauka zinakufa. Lakini mhimilishaji ni yuleyule, mbegu za dume lilelile, na majirani wawili ng'ombe wao wameshika. Basi tumtazame ng'ombe.

Nikamuuliza alizaaje mara ya mwisho. Kumbe kondo la nyuma lilichelewa, siku ya pili mtu akalivuta kwa mkono. Jamani, kondo likipita saa 24 mwite daktari wa mifugo, wala usilivute. Ukilivuta unachana kizazi, mabaki yanaozea ndani, na usaha unakaa humo bila ng'ombe kuonekana mgonjwa. Anakula, anakamuliwa, anapandishwa. Yai linaweza hata kurutubishwa, ila kijusi kinafia ndani mapema, naye anarudi kwenye joto baada ya siku 21 hivi.

Angalia ute wa joto. Mzuri ni angavu kama ute wa yai bichi na unavutika. Wa huyu ulikuwa na ukungu na vipande vyeupe. Sasa yuko kwenye matibabu, na joto linalofuata tutaliruka hata kama mwenye ng'ombe ana haraka.

Si kila anayerudi ana usaha. Anayeingia joto kila baada ya siku chache, mara nyingi ana uvimbe wa maji kwenye kokwa za mayai. Asiyeonesha joto kabisa, anza na lishe: mwenye maziwa mengi anayeshindia matete na migomba tu anakonda, na mwili unasimamisha uzazi. Udongo wetu wa volkano huing'ang'ania fosforasi, kwa hiyo jiwe la madini si anasa. Mtamba aliyezaliwa pacha na dume usimnunue kwa kuzalisha. Zaidi ya tisa katika kumi ni tasa.

Akitupa mimba miezi ya mwisho, fikiria ugonjwa wa kutupa mimba, bruselosi. Huo unampata hata binadamu, kwa hiyo vaa glavu na chemsha maziwa.

Halafu muda. Ukiona joto asubuhi, pandisha jioni. Ukiliona jioni, pandisha kesho asubuhi. Ng'ombe wa bandani akiwa peke yake hana wa kumpanda, utasikia analia tu na maziwa yanapungua. Chungulia banda usiku kabla ya kulala, joto nyingi huanza usiku.

Siku 60 baada ya kupandisha, mpime mimba. Ukinipigia, uwe na daftari mkononi: tarehe aliyozaa, kondo lilitoka saa ngapi, kila tarehe ya joto na rangi ya ute.