Wakili kabla ya joho

Mtu wa Mchinga, katika pwani ya Tanzania ya leo, aliyedhulumiwa mwaka 1880 hakutafuta mwanasheria, alitafuta mashahidi. Neno wakili alikuwa nalo, ila wakili alikuwa yeyote aliyesimama badala ya mwenzake: kumwozeshea binti, kumuuzia pembe, kumdaia deni. Hakuwa na leseni wala joho.

Tuseme umemkabidhi nahodha frasila kumi za sandarusi, naye anakana. Jambo dogo lingeishia kwa jumbe na wazee. Likikua, linafika kwa liwali, mtu wa Seyyid wa Unguja, au kwa kadhi aliyesomea fikihi ya Kishafii kwa shehe wake, kitabu baada ya kitabu. Kadhi hakuhitaji hotuba. Mdai alete wanaume wawili waadilifu, au mmoja na wanawake wawili. Akikosa shahidi kabisa, nahodha anaapishwa. Akiapa, kesi inaishia hapo. Hati isiyo na walioishuhudia ilikuwa karatasi tu. Kwa hiyo mfanyabiashara mwerevu alipima mzigo wake mbele za watu, na hao watu aliwachagua.

Huko Marekani, Abraham Lincoln naye alijisomea sheria vitabuni bila kuingia chuo, akapata leseni mwaka 1836. Wakati huo alikwisha kuwa mjumbe wa bunge la jimbo la Illinois, kwa hiyo sheria aliitunga na akaitetea. Pwani yetu haikuwa na mtu wa namna hiyo. Sheria ya dini ilikuwapo tayari, na amri zilishuka kutoka Unguja, kama ile ya Seyyid Barghash ya 1876 iliyopiga marufuku misafara ya watumwa ya bara. Matajiri wa Kilwa hawakuulizwa.

Wajerumani walipoitawala pwani, waliyakusanya mamlaka yote mkononi mwa mtu mmoja. Mkuu wa wilaya alitawala, alishitaki na alihukumu. Kanuni ya Aprili 1896 ilimruhusu kuchapa viboko hadi 25 kwa mkupuo, ndiyo ile hamsa ishirini waliyoiogopa wazee wetu. Hapo wakili angesema nini?

Waingereza walianzisha Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1926, bila Mwafrika hata mmoja ndani yake, na mahakama za wenyeji wakazifungia mawakili. Uhuru haukuufungua mlango huo. Mahakama ya mwanzo, anakopeleka mwananchi wa kawaida kesi yake ya mirathi au deni, iliendelea kumzuia wakili hadi mwaka 2021, na ruhusa iliyotolewa ni ya kusimama mbele ya hakimu mkazi tu.