Kazi ya Dukani kwa Wazazi Ihesabiwe

Katika ziara zetu sharikani tunakutana na vijana waliofanya kazi dukani kwa wazazi wao miaka mingi, na sasa wanataka kusomea shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, iliyoanzia Harvard, Marekani, mwaka 1908. Vyuo vingi huuliza: ulifanya kazi gani, na nini kilibadilika kwa sababu yako? Kijana asiye na cheo, mshahara wala daftari hushindwa kujibu, ingawa ndiye aliyeagiza bidhaa na kufuatilia madeni. Tunawashauri wazazi wampe majukumu yaliyoandikwa, mshahara hata kidogo, na hesabu za kila mwezi. Barua ya mapendekezo isiandikwe na baba, maana ataonekana anapendelea. Aandike mhasibu au mwuzaji wa jumla.